Unataka kusoma modeli za kompyuta chuoni? Anza na daftari

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu hunitumia swali lilelile: dada, nisome nini ili nifanye kazi kama yako? Kazi yangu ni modeli za mafuriko. Nachukua mvua, mwinuko wa ardhi, upana wa mto na ukubwa wa makaravati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara), naviingiza kwenye milinganyo, kisha kompyuta inanionyesha maji yatafika wapi. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, nimelifanyia kazi miaka mingi.

Kabla hujafungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), chukua daftari. Una shule ya bweni yenye wanafunzi 1,000. Kumi wanaumwa macho mekundu, 990 ni wazima. Tuseme wagonjwa wawili huambukiza mtu mmoja kwa siku iwapo wote wanaowazunguka ni wazima, na kila siku mgonjwa mmoja kati ya watano anapona. Wagonjwa wapya ni 0.5 × 10 × 990/1,000, yaani 4.95. Waliopona ni 2. Kesho una wagonjwa 12.95 na wazima 985.05 ambao ugonjwa haujawagusa. Rudia hesabu: keshokutwa wagonjwa ni 16.74. Ukichoka na kalamu hamia Excel, ufike siku ya sitini, uchore mstari. Hiyo tayari ni modeli. Kermack na McKendrick waliandika milinganyo ya namna hii mwaka 1927, kabla kompyuta hazijakuwepo.

Ukijikuta unajiuliza, "Je, wagonjwa wakitengwa, ile 0.5 itashuka hadi ngapi?", basi fani hii inakufaa.

Sasa fanya hesabu ileile kwa kuruka wiki nzima badala ya siku, kila badiliko ukilizidisha kwa saba. Wanaopona wanakuwa mara 1.4 ya wagonjwa waliopo. Ukiwa na wagonjwa 300 na maambukizi mapya yamekwisha, watapona 420, utabaki na watu 120 hasi. Mwaka wa tatu nilikabidhi kazi yenye kosa hilohilo. Niliiamini grafu kwa kuwa ilitoka kwenye kompyuta. Tangu siku ile, nikipata jibu lolote, kwanza napunguza hatua ya muda kwa nusu na kuangalia kama jibu linabaki palepale. Nawe jizoeze hivyo mapema.

Kuhusu shahada ya kwanza, usihangaike kutafuta iliyoandikwa "modeli". Tafuta yenye hisabati ya kutosha: hisabati yenyewe, fizikia, takwimu, uhandisi wa maji. Waliotoka PCM (fizikia, kemia, hisabati), PGM (fizikia, jiografia, hisabati) au EGM (uchumi, jiografia, hisabati) wana njia rahisi zaidi. Python, lugha ya kuandikia programu, utajifunza jioni kwa miezi michache. Kalkulasi na matriksi ni vigumu sana kuvirudia ukiwa kazini, naliona hilo kwa wenzangu. Kuna pia kozi ya njia za kukokotoa milinganyo isiyotatulika kwa kalamu. Wengi huisoma ili wasipate sapu (mtihani wa marudio) tu. Isome kwa moyo wote, kila siku ya kazi yangu inapita humo. Na bumu (fedha za mkopo wa elimu ya juu) likiingia, weka akiba ya kompyuta ya kawaida. Programu za HEC-RAS ya mito na QGIS ya ramani zote ni bure.

Uzamili ndipo jina la fani linapojitokeza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uzamili ya modeli za kihisabati. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, ni ya wanaoendelea baada ya shahada ya kwanza. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, pale Kigali hufundisha uzamili wa sayansi za hisabati kwa ufadhili.

Chuoni sikufundishwa kwenda kuangalia. Modeli yangu ya kwanza kazini ilisema maji yatafika sentimita 60 kwenye nyumba moja bondeni. Nikaenda. "Shikamoo baba." "Marahaba binti yangu. Maji yaliishia pale." Alikuwa ameweka alama ya mkaa ukutani. Nikavuta tepu: sentimita 120. Nikashuka hadi karavati la karibu, nikakuta limezibwa na chupa za plastiki, zaidi ya nusu. Kwenye modeli nilikuwa nimeliandika kama liko wazi kabisa.

Ajira zipo, ila tangazo halitaji modeli. Litasema mchambuzi wa data, mtakwimu, mhandisi wa maji, mtaalamu wa hali ya hewa, afisa wa tathmini ya hatari benki au kampuni ya bima. Angalia Mamlaka ya Hali ya Hewa, bodi za maji za mabonde tisa, na taasisi za utafiti wa malaria kama Ifakara. Kenya kuna KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya, kule Kilifi. Nafasi nyingi za utafiti ni mikataba ya mradi, ikiisha unatafuta tena. Jipange kwa hilo tangu mwanzo.

Kwenye barua ya maombi, usijaze majina ya programu unazozijua. Eleza modeli moja tu: ilitabiri nini, ulipima nini, tofauti ilikuwa kiasi gani na ilitokana na nini. Mimi niliandika 60 na 120, na chini yake nikaandika habari za chupa.