Mambo ya kuweka sawa kabla hujawapeleka watoto Dar kucheza kwenye maji

Wazazi wenzangu wa Kigoma, likizo ya mwezi wa sita ndo hiyo inakuja na najua wengi mnawaza kuwapeleka watoto Dar wakateleze kwenye yale mabwawa ya Kunduchi. Nendeni, watoto wanafurahi mno. Ila kama una mtoto wa chini ya miaka saba usiipange hii safari kwa nguvu zako wewe, ipange kwa nguvu za yule mdogo kabisa. Sisi tulikosea hapohapo. Tulishuka treni alfajiri, tukaoga harakaharaka, saa nne tuko getini, yaani mtoto wa miaka mitatu katikiswa njia nzima usingizi haujakolea halafu unamtupa kwenye kelele na jua, alilia mpaka akatapika, saa saba tukawa tunatoka na kiingilio ndo kimeshaenda.

Kwahiyo cha kwanza ni siku. Kwa reli ni kilomita kama 1,250 kutoka hapa mpaka Dar, kwa treni ya kawaida mnalala njiani, na basi ndo usiseme, mtoto hana hata pa kunyooshea miguu. Mkifika kaeni siku nzima bila kwenda popote, wale, walale, wazoee joto. Siku ya kucheza iwe ya pili au ya tatu. Kuna wanaoshuka Dodoma wakalala hapo halafu wanamalizia na SGR, ile treni ya umeme ya reli mpya, tangu mwaka 2024 inafika Dodoma na ni kama masaa manne tu mpaka Dar, mi naona kwa wenye wadogo ndo njia nzuri, ila jua kwamba stesheni ya SGR siyo ileile ya treni yetu, lazima utafute usafiri wa kuhama na mabegi, na wahi kabla ya muda maana wanakagua mizigo na vitambulisho. Beba kopi za vyeti vya kuzaliwa, nauli ya mtoto inaendana na umri, chini ya miaka minne halipi na miaka minne mpaka kumi na mbili ni nusu.

Kwenye treni yetu tafuta behewa la kulala mapema sana, likizo vitanda vinaisha. Daraja la pili chumba kina vitanda sita, na mkichukua vichache mnaweza kutenganishwa, baba huku mama kule, uliza dirishani kabla hujalipa. Mdogo alale kitanda cha chini, tena upande wa ukutani.

Pa kufikia. Hapa nitasema ukweli hata kama kuna shangazi atakasirika. Kama ndugu yako anakaa Mbagala au Gongo la Mboto, nenda kamsalimie, kaa nae hata siku tatu, lakini usiku wa kuamkia siku ya kucheza lala upande wa Tegeta au Mbezi Beach hata gesti ya kawaida tu. Kuivuka Dar yote asubuhi na foleni ile, mtoto anafika ameshachoka na ameshakula biskuti zote za siku nzima.

Sasa kuhusu kimo, hili limeniuma zaidi. Mabomba makubwa ya kuteleza yana kipimo, mtoto asiyefikia hapandi, na ni sawa kabisa maana ni usalama wake. Binti yangu wa miaka sita alipanda ngazi zote mpaka juu, ameshika mkono wa baba yake, pale kwenye alama akajinyoosha kwa vidole vya miguu, shingo imekaza, hata kupumua hapumui, yule kijana wa zamu akatikisa kichwa. Kushuka zile ngazi akiwa analia huku wenzie wanapishana nae wanacheka, sitaki mzazi mwingine aone. Mpime nyumbani, weka alama ya chaki mlangoni, piga simu uulize vipimo vyao, halafu mwambie kabisa kule kubwa bado, wewe utacheza huku na huku. Kwenye simu hiyohiyo uliza siku wanazofungua, chakula cha nje kinaruhusiwa au la, na nguo gani zinatakiwa, sehemu nyingi za namna hii wanataka nguo halisi za kuogelea, fulana na kaptula za pamba wanakurudisha.

Na usidanganyike kwamba wanao wamezaliwa ziwani. Watoto wetu wamezoea Tanganyika, maji hayana chumvi, wa kwangu alivyoingia baharini alifungua mdomo kama yupo ziwani kwetu Kibirizi, akabaki ananiangalia macho yamejaa chumvi hajui kimempata nini. Bahari inajaa na kupwa, na kwenye bwawa mtoto mdogo anazama kimya, hapigi kelele, hata maji ya magotini yanatosha. Kwahiyo kila mtoto mdogo awe na mtu mzima mmoja wa kwake, umbali wa mkono kumfikia, simu ikae kwenye begi. Kama mpo wazazi wawili na wadogo watatu, chukua dada au mjomba, kiingilio chake kilipe bila kusita.

Mfundishe jina lako kamili. Wa kwangu ukimuuliza mama yako nani anakujibu "mama", basi, akipotea atasaidiwaje? Namba ya simu mwandikie mkononi kwa kalamu isiyofutika na maji, na wote wavae rangi moja kali.

Dawa sio nyingi, ORS na zinki kwa ajili ya kuharisha, panado ya maji, kipimajoto, dawa ya mbu, chandarua kama gesti hujui, kadi ya bima na ya kliniki. Maji ya kunywa mpe mara kwa mara hata kama hajaomba, Dar anatoka jasho hata akiwa amelowa.

Tiketi za kurudi kata kabla hujaingia kwenye michezo, hela ya njiani itenge kwa mama, na hesabu siku moja ya kulala nyumbani kabla shule hazijafunguliwa.