Sema kabla ya sindano ya usingizi
Kama unaona haya kuvuliwa nguo chumba cha upasuaji, usingoje mpaka umelazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Sema siku ile unayosaini fomu ya ridhaa. Uliza waziwazi: nitafunuliwa sehemu gani, na nani atanitia mpira wa mkojo? Huo mpira mara nyingi huwekwa ukiwa umeshalala, ndiyo maana wengine hushtuka wakizinduka. Omba muuguzi wa jinsia yako, na ombi liandikwe kwenye faili, maana zamu hubadilika. Ni upasuaji wa jicho au mkono? Uliza kama unaweza kubaki na chupi, mara nyingi inawezekana. Mama yangu aliomba asifunuliwe shuka mpaka usingizi umchukue, wakamkubalia palepale.