Mpira ukitoka nje: mkimbiaji anapewa besi ngapi?

Jamani hili la mpira kutoka nje ndilo linaloleta kelele kuliko yote uwanjani, iwe softiboli iwe besiboli, na hapa Mombasa ndio zaidi manake viwanja vyetu vingi havina ua. Mtu akirusha vibaya tu mpira uko barabarani katikati ya tuktuk, na watu wanaanza kugawana besi, vile vituo vinne mkimbiaji anavyozunguka kupata pointi, kwa mdomo. Kwa hivyo kabla ya mechi ampaya, yaani refa, azunguke na manahodha wote wawili waonyeshane, kuanzia kamba hii mpaka mbuyu ule, yule muuza madafu yuko nje, ukipita hapo mpira umekufa, mchezo unasimama. Msipokubaliana mapema mtabishana mpaka magharibi.

Mpira ukishatoka jiulize kwanza, umetokaje?

Umepigwa na ukavuka ua hewani ndani ya mistari ya faulo, ile ya pembeni inayoonyesha mpira halali, hiyo homurani, wote homu, yaani wanafika kituo cha mwisho na kupata pointi. Umedunda ndani halafu ukaruka ua, kila mtu besi mbili kuanzia pale alipokuwa wakati mrushaji, yule anayemtupia mpigaji, alipotupa mpira, yaani yule wa besi ya kwanza hata kama keshapita ya tatu anarudishwa, asikasirike. Mrushaji ametupa kwa mpigaji ukampita kecha, mdakaji wa nyuma ya mpigaji, mpaka nje, waliokuwa kwenye besi wanapewa moja, basi. Kwenye besiboli, mrushaji akirusha kwenye besi kumnasa mkimbiaji aliyetoka huku mguu uko kwenye kibao anachokanyaga akitupa na mpira ukatoka, pia ni moja, lakini akiwa ameshatoa mguu nyuma ya kibao anahesabiwa mchezaji wa ndani, yaani mlinzi wa karibu na besi, kama wengine na zinakuwa mbili.

Vita vyenyewe viko kwenye mpira uliorushwa na mchezaji wa ulinzi ukapotea. Hapo ni besi mbili. Watu wamekariri ati "ile aliyokuwa anaiendea na moja juu yake", hiyo si sheria, ifuteni kichwani. Huhesabu alikokuwa anaelekea, unahesabu besi ya mwisho aliyoigusa. Chukua mkimbiaji ametoka ya kwanza, mpira wa juu ukadakwa kule mbali uwanjani, sasa anarudi mbio, mdakaji anarusha ya kwanza mpira unakwenda zake. Wengi watampa ya pili ati kwa sababu alikuwa anarudi. La, anapata ya tatu, ila lazima kwanza aiguse ile ya kwanza.

Na unahesabu kuanzia lini? Softiboli ni rahisi, pale mpira ulipotoka mkononi mwa aliyerusha. Sio ulipovuka kamba, unaweza kubingirika wee huku mkimbiaji anakula besi, wewe ampaya picha yako uliikamata mkono ulipoachia. Besiboli ina mzunguko wake: kama aliyerusha ni mchezaji wa ndani na hilo ndilo jambo la kwanza kufanyika baada ya mpira kupigwa, unahesabu kuanzia mrushaji alipotupa. Nyingine zote, mkono ulipoachia.

Hebu tazama tofauti. Kuna mtu besi ya kwanza, ameondoka mara mrushaji alipotupa, mpira unapigwa chini polepole, mlinzi wa ndani anauokota anarusha ya kwanza, unapaa mpaka kwa madereva wa matatu. Alipoachia, mkimbiaji alikuwa keshaigusa ya pili na mpigaji bado hajafika ya kwanza. Besiboli: mkimbiaji ya tatu, mpigaji ya pili. Softiboli: mkimbiaji homu, mpigaji ya pili. Mchezo ule ule, pointi moja tofauti, ndio maana mtu aliyezoea mmoja akichezesha mwingine anazua balaa. Lakini hata kwenye besiboli, kama wote pamoja na mpigaji walikuwa wameshasogea besi moja kabla mlinzi hajarusha, unahesabu kuanzia aliporusha.

Wakiwa wawili katikati ya besi zile zile, wa mbele ndiye anayeamua. Wote wako kati ya ya kwanza na ya pili, wa mbele anakwenda ya tatu na wa nyuma anakwama ya pili, hawezi kupanda mgongoni mwa mwenzake.

Mlinzi akidaka halafu akaangukia nje na mpira wake, mpigaji auti, yaani ametolewa, na wakimbiaji besi moja. Softiboli akiutoa nje makusudi, mbili.

Na kupewa besi sio kukata kona, kila moja iguswe kwa mpangilio. Ukiiruka moja na wapinzani wakadai kwa ampaya, uko auti.