Kujijengea kazi ya hifadhi ya ardhi bila kuanzia chuoni

Si lazima uanze na shahada ya Chuo Kikuu Ardhi, ingawa ukiipata haitakudhuru. Isome kwanza Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999, kwa kuwa ndiyo inayoeleza jinsi hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa mila, inavyotolewa, kisha ujitolee katika kitalu cha miche au upandaji wa mikoko, ukiandika daftarini tarehe, aina ya mche na idadi ya iliyokufa. Daftari hilo, hata likichafuka tope, kwa maoni yangu humshawishi mwajiri kuliko cheti kitupu. Jifunze pia QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa. Ukishapata kibali, nenda Msitu wa Pugu, karibu na Dar es Salaam, ufuate mpaka wake kwa miguu, na uwaulize wazee wa jirani zamani ulipita wapi.