Jinsi ya kutumia neno "tengeneza" bila kumchanganya fundi

"Tengeneza" ni kitenzi kipana mno, na upana huo ndio unaoleta ugomvi gereji. Kina maana tatu: kupanga kitu kikae vizuri, kukirudisha kilichoharibika katika hali yake, na kuunda kipya kabisa. Zote zimetoka kwenye "tengenea", yaani kuwa katika hali inayofaa. Ukitia kiambishi cha kusababisha unapata "tengeneza": kukifanya kitu kitengenee. Kwa hiyo fundi viatu wa kando ya barabara na kiwanda cha viatu wote wanatengeneza viatu. Mmoja anashona soli iliyobanduka, mwingine anatoa jozi mpya.

Ili kujua maana ipi imekusudiwa, angalia nani anatenda na kitu kilikuwa katika hali gani kabla hajakigusa. "Kiira Motors ya Jinja inatengeneza mabasi" ni mabasi mapya, kwani Kiira ni kampuni ya magari ya Uganda. "Gereji ile inatengeneza mabasi" ni mabovu. "Gari limetengenezwa Japani" linaeleza lilikotoka, na "gari limetengenezwa jana" linaeleza kwamba sasa linatembea. Shida huja kwa fundi anayefanya kazi zote mbili. Mafundi chuma wa Katwe, Kampala, hufua majiko mapya na kuziba yaliyotoboka, hivyo "amenitengenezea jiko" halitoshi. Sema "amenifulia jiko jipya" au "amelirekebisha jiko langu la zamani."

Kwa anayefikiri kwa Luganda, lugha ya Waganda wa Uganda, kuna mtego mwingine. Kitenzi "okukola" hubeba kufanya, kufanya kazi na kutengeneza kwa pamoja, kwa hiyo wengi husema "fundi, fanya gari langu." Mtu wa Mombasa au Tanga atasubiri umalizie: ulifanye nini? Katika Kiswahili "fanya" haitengenezi kitu. Hutaja tendo tu. "Makanika" ataeleweka kote Afrika Mashariki, lakini kitenzi "okukanika" kiache Luganda. Angalia pia r na l. Luganda huandika r baada ya e na i, kwingineko l, na ndiyo maana "rekebisha" huandikwa "lekebisha" na "karabati" ikawa "kalabati". Ulimi ukiteleza utaeleweka, lakini kwenye maandishi shika r.

Sasa mnyambuliko, maana hapa kosa la herufi moja hubadilisha mtenda kazi. "Nitengeneze pikipiki" maana yake "mimi niitengeneze". Unayetaka kutengenezewa sema "nitengenezee pikipiki", kwa -ea inayoonyesha kwamba kazi inafanywa kwa ajili yako. Ukishalipa na kurudi nyumbani, "nimetengeneza simu" litasikika kama wewe ndiye uliyeshika bisibisi. Kauli iliyo sahihi zaidi ni "nimetengenezesha simu", au kwa lugha ya kila siku, "nimeipeleka simu kwa fundi."

Ukifika kwa fundi, anza na "ikague", si "tengeneza". Eleza dalili: inazimika ikiwa imesimama, inatoa moshi mweusi, breki ya nyuma haishiki. Kisha ongeza: "Usifungue chochote kabla hatujakubaliana bei." Fundi aliyeambiwa "tengeneza injini" ana haki ya kuelewa kwamba ameruhusiwa kuifungua yote, na injini iliyofunguliwa ina gharama hata kama kosa lilikuwa pulagi chafu. Baada ya ukaguzi, taja kila kazi kwa kitenzi chake. Tairi lililotoboka huzibwa panchari. Mnyororo uliolegea hukazwa. Waya uliokatika huungwa, fremu iliyopasuka huchomelewa, rimu iliyopinda hunyooshwa. Kabureta husafishwa. Pulagi na oili hubadilishwa. Vitenzi hivi ndivyo vya kuandika kwenye karatasi ya makubaliano, mstari mmoja kwa kazi moja, vipuri upande mmoja na malipo ya ufundi upande mwingine. Karatasi iliyoandikwa "matengenezo" peke yake haimlindi mteja wala fundi, kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha nini kiliahidiwa.

"Rekebisha" ni nyepesi kuliko "tengeneza". Ni kuondoa kasoro au kuweka kitu sawasawa huku kikiwa bado kinafanya kazi: breki, saa inayochelewa, kioo cha pembeni, hata hesabu. Katiba pia hurekebishwa. Marekebisho ya 2005 ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na kuyaita "matengenezo ya katiba" ni kosa. Insha ya mwanafunzi husahihishwa. Wagomvi hupatanishwa.

"Karabati" ni ya kazi kubwa: majengo, barabara, mitambo. Kitu kipo, kimechakaa, kinarudishiwa nguvu, na pengine kuzidi ile ya awali. Kituo cha umeme cha Nalubaale huko Jinja, kilichozinduliwa 1954, kilikarabatiwa na uwezo wake ukapanda kutoka megawati 150 hadi 180. Huo ni ukarabati hasa. Lakini kisichobaki hakikarabatiwi. Nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, iliteketea Machi 2010, kwa hiyo kilichofuata ni kuijenga upya. Anayeandika "ukarabati wa Kasubi" kwa kazi ile anamwaminisha msomaji kwamba nyumba ya zamani bado imesimama.

Nyumbani neno hili hutumiwa kupita kiasi. Kitanda hutandikwa asubuhi. Anayekitengeneza ni seremala. Hapa Luganda inasaidia, kwani "okwala obuliri" nayo ni kutandika. Nywele hutengenezwa, ndiyo, ila ukitaka mabutu sema zisukwe. "Kutengeneza pesa" limeenea redioni na mitandaoni, lakini limebebwa kutoka Kiingereza, na kwa sikio la Kiswahili linakaribia kuchapa noti bandia. Pesa huchumwa, hupatwa, hutafutwa. Nalo "kumtengenezea mtu kesi" ni kumzulia, basi usilitumie kwa wakili anayekuandalia utetezi.

Limebaki jibu la fundi, hasa wa simu. Sikiliza mwisho wa kitenzi. "Haijatengenezwa": bado hajaishika, au hajamaliza, muulize siku. "Haijatengenea": ameshughulika nayo lakini haijakaa sawa, muulize alibadilisha nini na kilichobaki ni nini. "Haitengenezeki": haiwezekani tena, pengine bodi imeoza kwa maji au kipuri chake hakipatikani. Akikuambia hilo la mwisho, mwombe akuonyeshe sehemu yenyewe iliyoharibika, kisha uchukue simu yako pamoja na kila kipuri kilichotolewa ndani yake.