Jinsi ya kuweka magurudumu kwenye mashine nzito za karakana bila mashine kuyumba ukiwa kazini

Karakana ikiwa ndogo na ndani una msumeno wa meza, randa, bandisoo (msumeno wa mkanda) na drili ya kusimama, unajua tabu yake, ubao mrefu haupiti, kufagia huwezi, na kila ukitaka kupasua mbao inabidi uite watu wa kusukuma chuma. Dawa ni magurudumu. Ila wengi wanafikiria nusu tu ya kazi, yaani mashine itembee, wanasahau nusu ya pili ambayo ndio kubwa zaidi, kwamba ukishaiwasha isitikisike hata kidogo. Msumeno unaosogea wakati blade imo ndani ya ubao ni hatari kuliko karakana iliyobanana.

Anza na uzito. Angalia kibati cha mashine au kitabu chake, jumlisha na fremu utakayotengeneza, alafu usigawanye kwa nne hata kama magurudumu ni manne, gawanya kwa tatu. Sababu ni kwamba sakafu haijanyooka kama meza, fremu ngumu ikipita kwenye kibonde gurudumu moja linaning'inia na mzigo wote unabaki kwa yale mengine. Kwa mfano mashine ya kilo 240 na fremu ya kilo 20 ni kilo 260, ukigawanya kwa tatu unapata kama kilo 87, basi nunua magurudumu yanayobeba kilo 100 kila moja au zaidi.

Ukubwa wa gurudumu nao usiuchukulie poa. Madogo ya mm 50 yanakwama kwenye kila ufa na kila kipande cha mbao kilichoanguka, na mashine ndefu ikikwama ghafla chini huku wewe unasukuma juu inataka kulala. Chukua mm 100, kama sakafu ni mbovu mm 125. Kwa malighafi mimi napenda poliurethani (aina ya plastiki inayofanana na raba), ni ngumu vya kutosha ila haichubui sakafu. Raba laini ikikaa muda mrefu chini ya mzigo inabonyea upande mmoja, alafu vipande vya chuma vinajichoma humo na kubaki. Nailoni inabingirika kirahisi sana, ila ina kelele na kwenye sakafu laini inateleza hata ukifunga breki.

Sasa fremu. Engo (chuma chenye umbo la L) ya mm 50 kwa mm 50 yenye unene wa mm 5 inatosha mashine nyingi za mbao, pima miguu ya mashine, ongeza nafasi kidogo, kata, weka sawa, shikiza kwa vidoti vya kuchomelea kwanza kisha pima kona kwa kona pande zote mbili, vipimo vikilingana ndio uchomelee moja kwa moja. Kama huna mashine ya kuchomelea, plaiwudi ya mm 18 mbili zilizogundishwa pamoja na kufungwa bolti zinabeba vizuri mashine ya saizi ya kati.

Hapa kwenye kufunga magurudumu ndipo watu wanaharibu. Ukiyaweka chini kabisa ya fremu, gurudumu la mm 100 pamoja na kibao chake (bamba la kulifungia kwenye fremu) linainua mashine karibu mm 130, na msumeno wa meza uliokuwa na kimo cha mm 870 sasa unafika mita moja, mabega yanauma na huna nguvu ya kusukuma ubao vizuri, tena mashine imekuwa nyepesi kuanguka. Afadhali uchomelee mabawa yatokeze nje ya fremu, magurudumu yakae pembeni na mashine ibaki juu ya sakafu kwa mm 20 hivi. Hapo kimo hakibadiliki sana na miguu inakuwa mipana zaidi. Kwa drili ya kusimama na bandisoo ambazo uzito wake uko juu, hili la mabawa ni lazima. Tena kumbuka gurudumu linalozunguka, yaani lenye shingo inayogeuka kila upande, mguso wake wa sakafu hauko katikati ya kibao, likigeukia ndani upana wa kusimamia unapungua, kwaiyo tanua zaidi ya unavyodhani.

Mawili yasiyozunguka nyuma na mawili yanayozunguka mbele ndio mpangilio wangu kwa mashine nyingi, inaenda mnyoofu na unaiongoza. Yote manne yakizunguka inaingia kwenye kona finyu, ila inapepesuka ukiisukuma safari ndefu.

Breki ya gurudumu peke yake haitoshi kwa sababu nyingi zinafunga kubingirika tu, shingo inaendelea kuzunguka na mashine inacheza. Tafuta zile zinazofunga vyote viwili kwa pamoja, au bora zaidi weka miguu ya bolti za M12 (unene wa mm 12) kwenye kona, nati umeichomelea kwenye fremu, ukifika mahali unaishusha kwa spana mpaka magurudumu hayabebi kitu. Inachukua dakika mbili na mashine inakaa kama imezikwa.

Siku ya kupandisha, chomoa umeme kwanza. Inua upande mmoja kwa jeki au mtaimbo sentimita chache, ingiza kipande cha gogo, nenda upande wa pili, hivohivo mpaka fremu ipite, na mkono usiingie chini hata kama ni sekunde moja. Usishike meza ya mashine, usukani wala mota, shika bodi yenyewe. Drili shusha meza yake chini kabisa uikaze, uzito ushuke.

Kerezo kubwa la chuma, yaani mashine ya kukereza vyuma, mimi siliwekei magurudumu. Kitanda chake kikipindika kidogo tu kazi inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kila ukiihamisha unatakiwa uilinganishe upya kwa pima maji nzuri. Hiyo isogeze kwa mabomba ya chuma matatu manne chini yake, inua kwa mtaimbo, ingiza bomba, sukuma polepole, bomba la nyuma likitoka unalirudisha mbele.

Kabla ya kusukuma fagia njia, kunja waya, sukuma kwa chini na usivute kuelekea kwako. Baada ya siku chache za kazi rudi ukaze nati zote, mtetemo unazilegeza. Na kila ukishafunga breki au kushusha miguu, kabla hujawasha, isukume mashine kwa nguvu kwenye kimo cha meza pande zote, ikisogea hata kidogo usiwashe, rekebisha kwanza.