SOMO: Kupima ubichi wa mboga za majani kwa mwanga bila kuchana jani

Maswali haya yanarudi kila wiki, basi naandika mara moja. Nazungumzia kipima klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya jani: kifaa cha kubana jani, aina ya SPAD-502. Hupitisha mwanga mwekundu wa nanomita 650, ambao klorofili huumeza, na ule usioonekana wa 940, ambao klorofili karibu haiugusi. Kisha hulinganisha na kutoa namba.

1. Washa, bana kichwa bila jani, ngoja kiwe tayari.

2. Panguza vumbi.

3. Hakikisha jani ni kavu. Wengi huharibu hapa. Mchicha ukitoka kwenye friji na kukutana na hewa ya Mombasa, hutoka jasho papo hapo. Tone la maji hupindisha mwanga, ukungu kwenye kidirisha huuzuia, na namba huruka ovyo. Usifungue mfuko ukiwa baridi! Uache umefungwa mpaka joto lake lilingane na la chumba, unyevu utande nje ya mfuko. Kifaa kilichokuwa kwenye ubaridi nacho kingoje. Kidirisha kifutwe kwa kitambaa laini kikavu, si kwa upindo wa shati. Wala usipimie juani.

4. Bana katikati ya ncha na kikonyo, pembeni mwa mshipa mkuu. Kinachopimwa ni milimita 2 kwa 3 tu. Ukiangukia mshipa au tundu la mdudu, umepima hilo.

5. Majani kumi kwa kila fungu, chukua wastani. Usichague yaliyopendeza.

6. Tia alama kwenye vikonyo, rudia majani yaleyale kesho. Namba ikishuka, ukijani unapotea.

MASWALI

— Nipe tu namba ya sukumawiki nzuri.
Haipo. Namba haina kizio, na kila mboga na kila aina ina yake. Pima iliyovunwa leo, hiyo ndiyo kipimo chako. Rudi hatua ya 6.

— Kamera ya simu haitoshi?
Haitoshi. Hurekebisha rangi yenyewe kila taa ikibadilika, na 940 huchujwa.

— Mwalimu, kwani 940 ina kazi gani ikiwa klorofili haiigusi?
Swali zuri, dada. Jani nene hupunguza mwanga wote, hata lisipokuwa la kijani zaidi. 940 huonyesha upungufu huo wa mwanga unaoletwa na unene, na kifaa hulinganisha nao kile cha 650. Ndiyo maana mwanga mmoja hautoshi.

— Yangu ilitoa namba nzuri na mboga imenyauka.
Kifaa hupima klorofili, si maji. Kunyauka pima kwa mizani: uzito wa fungu asubuhi na jioni.

— Na mchicha mwekundu?
Wekundu wake humeza zaidi mwanga wa kijani, kwa hiyo 650 haisumbuki sana. Lakini usiulinganishe na mchicha wa kijani.

— Zangu za soko la Kongowea huwa manjano usiku mmoja tu.
Umeziweka karibu na ndizi mbivu au maembe? Hutoa ethilini, gesi inayoharakisha majani kugeuka manjano. Zitenge, na gunia la kufunikia liwe na unyevu, lisichuruzike.